Kesi ya Kapenguria na Kazi ya Wakili

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya wakili ni kusema. Humwona amevaa joho jeusi, ameinuka mbele ya hakimu, mkono mmoja mgongoni, naye akitiririsha maneno mpaka upande wa pili ukatazamana. Kila nilipouliza darasani ni nani angependa kuwa wakili, vidole vilivyonyooshwa vilikuwa vya wale wale waliotamba katika mdahalo siku ya Ijumaa. Wale wapole waliokaa nyuma, wenye madaftari safi na tabia ya kuuliza swali moja tu lakini zito, hawakudhani kazi ile ingeweza kuwa yao. Mimi niliona kinyume chake, ila mwalimu hasikilizwi sana katika mambo ya ndoto za watoto.

Mimi si mwanasheria. Nilisoma chuo cha ualimu, nikafundisha historia, nikawa mwalimu mkuu kwa miaka mingi na sasa ni mstaafu mwenye umri wa miaka sabini na kadhaa. Lakini ualimu na uwakili una mahali unapokutana, napo ni kwenye andalio la somo. Mkaguzi wa elimu alipofika shuleni hakuanza kwa kumsikiliza mwalimu akifundisha. Aliomba kwanza azimio la kazi, kisha andalio la somo, kisha akauliza zana ziko wapi. Mwalimu aliyeingia darasani bila andalio hugunduliwa katika dakika kumi za kwanza, na wa kwanza kumgundua ni watoto. Ufasaha humsaidia kidogo tu, na wakati mwingine humponza, kwa kuwa humpa ujasiri wa kuingia mikono mitupu.

Kesi ninayotaka kuizungumzia imeandikwa sana kama habari ya siasa. Ni kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake watano iliyosikilizwa Kapenguria, Kenya, kuanzia mwezi Desemba 1952 hadi Aprili 1953. Ndugu msomaji, naomba safari hii tuiweke siasa kando kidogo, ingawa haikubali kuwekwa kando kabisa, tuitazame kama kazi ya mawakili: walikwenda kutafuta nini, walipata nini, na ni kitu gani kilichokuwapo tayari duniani lakini hakikufika mikononi mwao mpaka maji yalipokwisha mwagika.

Habari yenyewe kwa ufupi ni hii. Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari nchini Kenya, na usiku ule ule polisi wakawakamata viongozi wengi wa chama cha KAU. Sita kati yao walifunguliwa kesi: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng Oneko. Shtaka kubwa lilikuwa kwamba waliongoza Mau Mau, na kwamba hicho ni chama haramu. Tarehe 8 Aprili 1953 walihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu.

Sasa tazama mahali walipopelekwa kushtakiwa. Kapenguria iko Pokot Magharibi, kaskazini ya Kitale, kiasi cha kilomita 400 kutoka Nairobi. Mambo waliyoshtakiwa hayakutendeka huko. Mashahidi hawakuwa huko, maktaba ya sheria haikuwako, wala hoteli. Eneo lenyewe lilikuwa limefungwa, na mtu hakuingia bila kibali cha serikali. Mahakama iliwekwa katika chumba cha darasa, jambo ambalo kila nilipolifundisha lilinichoma kidogo, maana chumba cha darasa nakifahamu na najua kilijengwa kwa shughuli gani. Mawakili walilazimika kulala Kitale na kusafiri kila siku zaidi ya kilomita 30 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Na katika Kenya ya wakati ule, yenye hoteli za Wazungu peke yao, Mwingereza, Mwafrika na Mhindi waliokuwa wakitetea kesi moja hawakuweza hata kuketi pamoja jioni katika sebule ya hoteli wapange maswali ya kesho.

Nimesikia watu wakisema mahali pa kesi ni jambo dogo, kwamba haki ni haki popote. La hasha. Mtu anayechagua mahali pa kusikilizia kesi amechagua pia ni nani atakayeweza kuichunguza. Ukimweka wakili mbali na mashahidi wake, mbali na makaratasi yake na mbali na wenzake, huna haja ya kumziba mdomo. Mwache aseme mpaka achoke.

Mawakili wenyewe hawakuwa watu wa kubeza. Kiongozi wao alikuwa D. N. Pritt, wakili wa Malkia kutoka London, mtu aliyekuwa amekaa Bungeni miaka kumi na mitano. Kutoka India alikuja Diwan Chaman Lall. Kutoka Nigeria alikuja H. O. Davies. Nairobi walikuwapo A. R. Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh. Na kutoka kwetu Moshi, chini ya mlima huu ninaoutazama sasa ninapoandika, alikwenda Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa amefungua ofisi ya uwakili pale mjini. Wazee wetu walimfahamu. Baadaye alirudi kwao Jamaica akawa waziri, lakini nadhani Kapenguria ilikuwa shule yake kubwa kuliko zote.

Watu hawa walikuwa na vipaji, lakini walianza kazi wakiwa wamefungwa mikono. Makaratasi ya washtakiwa yalikuwa yamechukuliwa na polisi. Pritt aliomba aelezwe kwa undani zaidi washtakiwa wanadaiwa kutenda nini hasa, wapi na lini, ili ajue atafute nini. Alichopewa kilikuwa kidogo. Hakujua Kigikuyu wala Kiswahili, na mkalimani wa mahakama alikuwa Dakta Louis Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale ambaye msimamo wake kuhusu Mau Mau na kuhusu Kenyatta ulifahamika nchi nzima. Pritt alimpinga hadharani, hata Leakey akaondoka. Wakati mmoja Pritt alituma simu ya maandishi kwa wabunge wa London akilalamika kwamba hali ile ilikuwa sawa na kunyimwa haki, naye akafikishwa mbele ya Mahakama Kuu kwa tuhuma ya kuidharau mahakama. Akaachiliwa, lakini kila siku anayoitumia wakili kujitetea mwenyewe imeibwa kwa mteja wake.

Shahidi mkubwa wa mashtaka alikuwa kijana aitwaye Rawson Macharia. Alisema kwamba tarehe 16 Machi 1950, katika wilaya ya Kiambu, alimwona Kenyatta kwa macho yake akiwaapisha watu kiapo cha Mau Mau. Huyu ndiye aliyeufunga mlango, kwa sababu mashahidi wengi waliobaki walieleza mikutano na hotuba, mambo ambayo mtu anaweza kuyatafsiri huku au kule. Macharia peke yake alimweka Kenyatta kwenye kiapo chenyewe.

Utetezi ulifanya nini? Ulifanya lile linalopasa kufanywa. Kwanza ulitazama kalenda. Mau Mau ilipigwa marufuku mwezi Agosti 1950, na Macharia anasimulia jambo la mwezi Machi. Pili, ulitafuta watu waliotajwa kuwa walikuwapo siku ile na wanaoifahamu sehemu ile, wakaja Kapenguria kusema kwamba kiapo hicho hawakukiona. Fikiri safari ya watu wale, msomaji: wakulima wa Kiambu, wakati wa hali ya hatari, wakati ambapo Mgikuyu aliyetembea bila kibali aliweza kukamatwa njiani, wanasafiri kilomita mamia kwenda kumtetea mtu ambaye serikali imekwisha mtangaza kuwa adui. Kuwapata peke yake ilikuwa kazi kubwa ya uchunguzi.

Haikutosha. Hakimu Ransley Thacker aliandika katika hukumu yake kwamba anamwamini Macharia, na kwamba hawaamini mashahidi wa utetezi waliompinga. Mmoja akawashinda wengi. Hapa ndipo wanafunzi wangu waliponiuliza kila mwaka, "Sasa Mwalimu, maandalizi yana faida gani kama hakimu amekwisha amua?" Ni swali la haki. Wanahistoria wamekwisha onyesha kwamba Thacker, jaji mstaafu aliyeteuliwa mahsusi kwa kesi hiyo, alilipwa na serikali pauni 20,000, fedha ambayo kwa siku zile ilikuwa mali ya mtu kutajirika. Mbele ya hakimu wa namna hiyo hata malaika angeshindwa.

Jibu langu lilikuwa kwamba wakili haandai kesi kwa ajili ya hakimu mmoja tu. Anaiandaa kwa ajili ya kumbukumbu. Kila swali lililoulizwa Kapenguria, kila pingamizi, kila tarehe iliyotajwa, iliandikwa katika mwenendo wa kesi, na mwenendo wa kesi huishi kuliko hakimu. Achieng Oneko, Mjaluo, alieleza mahakamani kwamba hakujua Kigikuyu, lugha iliyosemwa katika mikutano ile anayodaiwa kupanga njama ndani yake. Kapenguria alifungwa pamoja na wenzake. Januari 1954 Mahakama Kuu ikaifuta hatia yake, ingawa serikali iliendelea kumzuia kwa amri nyingine.

Kuna jambo jingine la rufaa ninalolipenda kwa sababu linafundisha kusoma. Hakimu huteuliwa kwa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, na gazeti hilo, nani hulisoma? Ni karatasi kavu kuliko zote duniani. Lakini mawakili wa Kapenguria walilisoma. Tangazo lilikuwa limempa Thacker uhakimu wa Jimbo la Kaskazini, na Kapenguria ilikuwa katika Jimbo la Bonde la Ufa. Julai 1953 Mahakama Kuu ya Kenya ikakubali: hakimu hakuwa na mamlaka mahali pale, kwa hiyo kesi nzima, miezi yote ile, ilikuwa batili, na ikaamriwa isikilizwe upya. Serikali ikakimbilia Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, ambayo ikayarudisha mamlaka ya Thacker na hukumu ikasimama. Mwaka 1954 Baraza la Faragha huko London likakataa kusikiliza rufaa. Hata hivyo, tafakari kidogo. Kesi kubwa kuliko zote za ukoloni katika sehemu hizi, iliyolindwa kwa askari, bunduki na ndege, iliangushwa kwa majuma kadhaa na mstari mmoja katika tangazo la serikali yenyewe. Kilichoiangusha ni mtu aliyesoma polepole.

Sasa tufike kwenye karatasi niliyoidokeza mwanzoni. Mwishoni mwa 1958 Rawson Macharia aliapa hati ya kiapo akisema kwamba ushahidi wake wa Kapenguria ulikuwa wa uongo, na kwamba alikuwa ameahidiwa malipo. Palikuwa na barua ya serikali ya mwezi Novemba 1952, yaani kabla shahidi yeyote hajapanda kizimbani, iliyomwahidi tiketi ya ndege ya kwenda Uingereza, masomo ya miaka miwili ya uongozi wa serikali za mitaa, fedha za kuitunza familia yake wakati yeye hayupo, na kazi serikalini akirudi. Na kweli alikwenda, akasoma Exeter.

Serikali ilimfungulia Macharia kesi. Msomaji atadhani alishtakiwa kwa kusema uongo Kapenguria. Sivyo. Mwaka 1959 alishtakiwa kwa kuapa uongo katika hati ile ya 1958, yaani kwa uongo wa kusema kwamba alisema uongo. Aliyekuja kumtetea alikuwa nani? D. N. Pritt. Mtu yule yule aliyembana Macharia kwa maswali miaka sita nyuma sasa alisimama upande wake, na safari hii barua ilikuwa mezani. Serikali haikuikana barua. Ilijitetea kwamba ule ulikuwa msaada wa kumlinda shahidi aliyekuwa hatarini, wala haikuwa rushwa. Mahakama ikakubaliana na serikali, Macharia akafungwa. Lakini nchi nzima ilikuwa imekwisha sikia, na Agosti 1961 Kenyatta alitoka kizuizini.

Nimeifikiria barua ile mara nyingi kuliko ninavyofikiria hotuba yoyote iliyotolewa Kapenguria. Ilikuwa imepigwa chapa na kutiwa sahihi kabla ya Desemba 1952. Ilikuwa ndani ya jalada fulani, katika kabati fulani Nairobi. Siku Macharia alipokuwa akitoa ushahidi, mwendo wa kilomita 400 tu uliwatenganisha mawakili na kipande cha karatasi kilichokuwa na uzito kuliko mashahidi wote waliowatoa Kiambu. Wasingeweza kuingia katika kabati la serikali, na sheria ya wakati ule haikuwapa nguvu ya kutosha ya kudai lifunguliwe. Siwalaumu. Lakini tangu hapo mtu yeyote anayetafuta ukweli kwa mashahidi anajua kwamba kumwuliza shahidi ameona nini ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua tangu siku aliyoona mpaka leo ameishi vipi: analala wapi, nani anamlisha, nani amemlipia nauli, ameahidiwa nini, na kesho anatarajia kwenda wapi.

Jambo hili lilinifikia mimi mwenyewe, kwa kiasi kidogo cha kijijini, miaka michache kabla sijastaafu. Palikuwa na shauri la kihamba baina ya mama mjane, jirani wa shule yetu, na ndugu wa marehemu mumewe. Shauri lilikuwa mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mama yule alitetewa na wakili kijana, binti aliyekuwa hajamaliza hata miaka mitatu tangu aapishwe. Asubuhi moja alikuja shuleni kwa miguu, viatu vyake vya ofisini amevishika mkononi kwa sababu ya tope.

"Shikamoo Mwalimu," alisema. "Nimeambiwa unayafahamu masale ya pale."

"Marahaba, mwanangu. Nayafahamu, lakini waliokueleza wamekuzidishia. Sikuyapanda mimi."

Alicheka, kisha akatoa daftari. Akaniuliza ni yapi niliyoyaona kwa macho na ni yapi niliyoambiwa, na kila nilipochanganya alinirudisha kwa adabu: "Hilo uliliona, Mwalimu, au ulisimuliwa?" Tukatembea naye mpaka wote. Aliyahesabu masale. Alipiga picha mfereji wa maji na akauliza ulipitia wapi zamani kabla ya mafuriko. Alizungumza na kina mama wanaochota maji pale, watu ambao hakuna aliyekuwa amewauliza kitu, nao wakamwonyesha kisiki cha mti wa mpaka ambacho hata mimi sikukijua. Tuliporudi ofisini akaniuliza, "Samahani Mwalimu wangu, je, mama au mtu yeyote amekuahidi kitu ukija kusema haya?"

Nilinyamaza. Mwalimu mkuu, mzee wa kanisa, kuulizwa hivyo na binti wa rika la mjukuu! Kisha nikaikumbuka barua ya 1952, nikamjibu kwamba sijaahidiwa hata kikombe cha mbege. Akaandika.

Kilichoamua shauri, hata hivyo, hakikuwa maneno yangu. Ndugu wa marehemu alidai kwamba alikabidhiwa kihamba kile na baba yake na kwamba yeye mwenyewe alipanda kahawa pale mwaka 1974, akiwa kijana. Yule binti aliomba rasmi, kwa barua yenye muhuri, nakala ya ukurasa katika rejista ya uandikishaji ya shule. Rejista zetu zilikuwa stoo, zimeliwa na mchwa pembeni, lakini wino ulikuwa unasomeka. Bwana yule aliandikishwa kwetu mwaka 1977, darasa la nne, kwa uhamisho kutoka mkoa mwingine. Mwaka 1974 alikuwa mtoto wa darasa la kwanza mbali kabisa na mlima huu. Wakili wa upande wa pili alikuwa msemaji hodari kweli kweli. Ila Baraza lilipokuja kutembelea eneo lenye mgogoro, alimwinamia mteja wake akamnong'oneza kuuliza kaskazini ni upande gani. Tulimsikia sote.

Yupo msomaji atakayesema kwamba uchunguzi wa namna hii unahitaji fedha na muda, na wakili wa watu maskini hana chochote kati ya hivyo. Ni kweli, nami sitaki kuyachukua mambo kirahisi. Wakili mwenye majalada mia moja mezani hawezi kutembea mpaka wa kila shamba. Lakini hapo ndipo pana faida ya watu wanaoishi huko huko. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 hapa Tanzania iliwatambua wasaidizi wa kisheria, ambao wengi wao hufanya kazi mitaani na vijijini. Mtu wa namna hiyo, akifundishwa kutenganisha aliloliona na alilolisikia, anaweza kumpunguzia wakili safari tatu. Yule binti niliyemsimulia alifanya kazi yake yote kwetu kwa siku mbili. Kilichomsaidia ni kwamba alikuja mapema, miezi kabla ya siku ya kusikilizwa, wakati kisiki kilikuwa bado hakijang'olewa na watu walikuwa bado hawajaanza kuogopana.

Kuja mapema kuna maana zaidi pale ambapo sheria yenyewe inamtwika mshtakiwa mzigo wa kuthibitisha. Mfano ninao karibu. Mwaka 1958 Mwalimu Julius Nyerere alishtakiwa Dar es Salaam kwa kuwakashifu maofisa wa serikali ya kikoloni katika gazeti la Sauti ya TANU. Pritt, ambaye wakati ule alikwisha kuzizoea ndege za Afrika ya Mashariki, alikuja kumtetea pamoja na Mahmud Rattansey na K. L. Jhaveri. Katika kesi ya namna ile haitoshi kusema "nathubutu kurudia niliyoandika." Lazima uuonyeshe ukweli wake, na ukweli wenyewe ulikuwa Musoma na Songea, kwa watu waliotendewa, mbali sana na chumba cha mahakama. Nyerere alitiwa hatiani na kutozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Alilipa. Nilikuwa mtoto mdogo wakati huo, na ninachokumbuka ni watu wazima wakitaja zile shilingi 3,000 kwa sauti ya chini, kama vile ni idadi ya ng'ombe.

Mengi yamebadilika tangu hapo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, inampa mshtakiwa muda na nyenzo za kutosha za kuandaa utetezi, na haki ya kuarifiwa mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka unakusudia kuutumia na kuufikia ushahidi huo. Nilipokisoma kifungu hicho mara ya kwanza, nilikiona kama kimeandikwa na mtu aliyekaa katika darasa lile la Kapenguria akiwatazama mawakili wakiomba maelezo na kunyimwa. Hapa kwetu, sheria ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na mtu aliyesoma jinsi Pritt alivyotegemea masikio ya mkalimani hataliona hilo kuwa jambo la fahari ya taifa tu. Shahidi anayesikia swali kwa lugha yake hujibu swali lile lile aliloulizwa.

Na karatasi zenyewe zimebadilika sura. Siku hizi barua kama ile ya Macharia huenda isiandikwe kabisa. Ahadi itatolewa kwa simu, nauli itatumwa kwa simu, na kinachobaki ni mstari katika taarifa ya miamala ya kampuni ya simu, wenye tarehe, saa na kiasi. Wakili kijana anayejua kuomba taarifa hiyo kwa utaratibu wa sheria, kabla haijawa vigumu kuipata, anafanya kazi ile ile iliyofanywa na wale waliosoma Gazeti Rasmi la Serikali mwaka 1953.

Macharia aliishi miaka mingi baada ya yote hayo. Mwaka 1991 alichapisha kitabu chake mwenyewe kuhusu kesi ile, akieleza kwa upande wake ilivyokuwa. Mtu anaweza kumwamini au asimwamini. Shahidi aliyekwisha kula viapo viwili vinavyopingana ameupoteza wepesi wa kuaminiwa. Lakini barua haikula kiapo chochote. Ilisema tarehe yake na yaliyomo ndani yake, na tarehe hiyo inatangulia siku ya kwanza ya kesi.